Mwanangu, Usisimame

Treni ilikuwa imeshaanza kutembea, milango imefungwa, na shuka limebanwa katikati ya mlango.

Ndani alikuwa Shangazi, ameshika ncha moja kwa mikono miwili. Nje, kwenye ukingo wa kituo, alikuwa Kibanio, ameshika ncha ya pili, anakimbia sambamba na treni huku abiria wa nchi za watu wakimpisha kama wanampisha kichaa. Nyuma kabisa, kwa mwendo wake wa siku zote, alikuja Wanga na mkoba wenye ramani, maji ya kunywa na mikate ya wote watatu.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita. Wapo waliomwandikia mhariri kuuliza kwa nini mtu mzima asiachie shuka. Jibu ni fupi: Kibanio hajawahi kuachia kitu maishani mwake, na jina lile hakupewa bure.

Shangazi akamwonyesha kwa macho, kupitia kioo, aachie. Kibanio akamjibu kwa kichwa kwamba aachie yeye.

Ukingo wa kituo ukaisha. Shuka likapasuka.

Shangazi alikaa chini kwa kishindo kwenye mapaja ya bwana mmoja aliyekuwa anasoma gazeti, akaomba radhi kwa lugha ambayo bwana yule hakuijua, akafungua mkononi alichobaki nacho. Kilikuwa kipande chenye neno moja, kwa rangi nyekundu: MWANANGU. Neno la pili lilibaki kituoni na Kibanio.

Kwa aliyeanza kusoma leo, watu hawa ni madobi. Wanafanya kazi katika chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ofisi: mashine nne, pasi mbili za mvuke, dirisha moja lisilofunguka. Shangazi ndiye mkuu wa maji, yaani joto, sabuni na muda. Miaka thelathini ya kusema juu ya kelele za mashine imempa sauti ambayo ikiita ghorofani, hata walio barabarani huitika. Kibanio anachambua nguo na kuzitia namba. Wanga anapiga pasi. Jina lake limetokana na wanga anaoutia kwenye kola, ingawa wapo wanaosema limetokana na shingo yake, ambayo haipindi kwa mtu.

Wamesafiri angani saa tisa kuja kumshangilia mkimbiaji mmoja tu wa marathoni. Ni mpwa wa Shangazi, binti wa marehemu kaka yake, aliyelelewa humohumo kwenye mvuke, akilala mchana ndani ya kapu la taulo.

Na binti mwenyewe hajui kama wamekuja. Ana miaka miwili hajamsemesha shangazi yake.

Sababu ni viatu. Asubuhi ya mchujo wa kuingia kambi ya wakimbiaji, viatu vyake vya mbio vilitoka kwenye mashine vimekunjamana, soli moja imebanduka, vimebaki saizi ya mtoto wa chekechea. Mashine ilikuwa imewekwa kwenye joto la kuchemshia mataulo ya hospitali. Shangazi alisema kuna mtu alichanganya makapu, na mchanganya makapu ni Kibanio. Kibanio akakubali, maana hakumbuki kila kapu, akalia, akaomba msamaha. Binti akaenda kukimbia na viatu vya kuazima, akaingia kambini kwa tundu la sindano. Tangu siku hiyo hakurudi, hakupiga simu, na akipigiwa hapokei.

Ukweli ulikuwa haujasemwa. Shangazi ndiye aliyevichemsha. Alivitazama vikizunguka nyuma ya kioo cha mashine, akajiambia binti akikosa mchujo atabaki, na chumba hakitakuwa kitupu. Amekaa na jambo hilo moyoni miaka miwili. Alichotaka katika safari hii ni kitu kimoja, binti amgeukie na aseme neno. Lolote. Hata tusi angelipokea.

Basi Shangazi akashuka kituo cha kwanza kilichofuata, peke yake, na nusu ya bango.

Bahati ilikuwa upande wake. Alipotoka juu, akakuta barabara imezungushiwa vyuma, watu wamejipanga na miavuli, mvua inanyunya. Ilikuwa kilomita ya nane ya mbio. Akapenya hadi mbele kwa kutumia viwiko, akakunjua kipande chake.

Sasa hapa panahitaji maelezo, na nitayafupisha. Wangemtambuaje mtu anayepita kasi ile, mvuani, katikati ya kundi la wanawake waliovaa kofia? Mtu mwingine angeangalia namba iliyobandikwa kifuani. Madobi hawaamini namba. Namba ni karatasi, na karatasi ikiingia majini inang'oka. Wameshawahi kumpa mchungaji suruali ya mpiga ngoma kwa sababu ya kuamini namba. Dobi anaamini nguo.

Jana yake, wakiwa chumba cha kulia cha nyumba ya wageni, televisheni ilionyesha wakimbiaji wakitambulishwa. Mpwa alisimama sekunde tano na fulana ya rangi ya chungwa. Kibanio akaenda kubandika pua kwenye kioo. Akarudi na habari kamili: mshono wa bega la kushoto umekwenda upogo, umeruka kama upana wa kidole, umekazwa tena kwa uzi mweupe. Hakuna fulana ya pili kama ile katika dunia hii, alisema. Tutafute mshono.

Na mshono ukaja. Mwanamke wa mbele kabisa, fulana ya chungwa, kofia nyeupe imeshushwa hadi kwenye nyusi, na pale begani, upogo mtupu na uzi mweupe.

Shangazi akaivuta sauti kutoka kisigino. "Mwanangu! Shangazi yako nipo!"

Mkimbiaji akageuza kichwa. Akaona kitambaa. Akatabasamu.

Akapita. Shangazi alibaki ameshika vyuma vya barabara. Miaka miwili ya kimya, halafu tabasamu la bure namna ile, bila kuombwa. Bibi mmoja wa pembeni akampa leso.

Walikuwa wamekubaliana kwamba anayepotea akutane na wenzake darajani, nusu ya safari. Njia ya mbio yenyewe ilizunguka mji kama kamba ya kuanikia nguo, ukikata mtaa mmoja unakutana nayo tena. Shangazi akafika darajani akikimbia. Akawakuta wenzake wamefika zamani. Kibanio ameshika kipande chake kifuani. Wanga ameshamaliza kula mkate wake na ameanza wa Kibanio.

Shangazi akawasimulia tabasamu lile mara tatu, kila mara likiwa pana zaidi. Wanga alichomoa sindano anayoivaa siku zote chini ya kola, akaunganisha shuka palepale, mishono ya haraka iliyonyooka. Shuka lenyewe lilikuwa la hoteli moja ambayo inaamini liko kwenye foleni ya kufuliwa. Likasomeka tena: MWANANGU USISIMAME.

Wakaja. Fulana yenye mshono ilikuwa mbele, peke yake, hatua kumi na tano mbele ya kundi dogo. Walipopiga kelele, safari hii aliinua na mkono.

Wanga akakunja uso. "Fulana inampwaya kiunoni."

"Amepungua," Kibanio akasema. "Mtu akikimbia anapungua."

"Kiuno cha yule mtoto nakijua mimi. Nimempigia pasi sketi tangu darasa la kwanza. Hicho si kiuno chake."

Kibanio akamuuliza kama alikuja kushangilia au kupima nguo. Wanga akasema yeye amesema aliloliona, na halirudii. Shangazi hakuwasikia. Alikuwa ameshatangulia ngazi za daraja, anawaita wafanye upesi, kilomita ya thelathini inawasubiri.

Pale kilomita ya thelathini ndipo mambo yalipoharibika.

Walipata nafasi nzuri kuliko zote. Pembeni mwa barabara palikuwa na kibendera cha bluu, na mtu wa mashindano mwenye koti la mvua amesimama karibu nacho, na uwazi kwenye vyuma kama mlango mdogo. Hawakujiuliza uwazi ule ni wa nini. Waliona tu hakuna aliyesimama mbele yake, wakatandaza shuka lao hapohapo.

Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye mwavuli wa kijani, akawasalimu kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa kwao aliyehamia huku zamani, dereva wa basi la mji, leo hayuko zamu. Akawauliza wanamshangilia nani. Kibanio akamjibu kwa majivuno kwamba anayeongoza. Dereva akamtazama, akalitazama shuka, akafungua mdomo kusema jambo.

Hakuwahi. Walikuwa wameshafika.

Fulana yenye mshono ilikuwa bado mbele. Lakini mkimbiaji alikuwa ameanza kupunguza mwendo. Akasogea pembeni, upande wao, mikono imelegea, kama mtu anayetoka kazini. Alikuwa anauelekea ule uwazi kwenye vyuma.

Shangazi akadhani amechoka. Akadhani pumzi imekata, kilomita kumi na mbili kabla ya mwisho, na sauti ya shangazi ndiyo dawa pekee iliyobaki duniani.

"Usisimame, mwanangu. Usisimame. Mimi nimekuja kwa ajili yako, na wewe kimbia."

Mkimbiaji akamtazama. Akalitazama shuka. Akakitazama kibendera. Mtu wa koti la mvua alikuwa anampungia mkono aingie.

Akarudi katikati ya barabara, akaongeza mwendo.

Mtu wa koti la mvua akaangusha kibendera chake.

Shangazi alikuwa bado ameinua mikono juu, anacheka, kundi la nyuma lilipopita. Wa kwanza katika kundi lile alivaa fulana ya chungwa pia, mshono wake umenyooka kama rula. Naye aligeuza kichwa. Hakugeuka kwa sababu ya shuka, aligeuzwa na sauti. Sauti ile ilikuwa imemwamsha kila asubuhi kwa miaka kumi na sita.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Shangazi aliangalia uso badala ya nguo. Ulikuwa uso wa kaka yake, pua ileile, hasira ileile kati ya nyusi. Mpwa alimwangalia shangazi yake, akaliangalia shuka, akamwangalia yule aliyekuwa anakwenda zake mbele. Halafu akapita.

Mikono ya Shangazi ikashuka yenyewe.

Dereva akakohoa. Akasema, kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, kwamba yule waliyekuwa wanamshangilia ni mwekakasi. Mwekakasi anaajiriwa kukimbia mbele kilomita thelathini, wenzake wapate mtu wa kumfukuza, halafu anatoka kwenye kibendera na kwenda kuoga. Neno lenyewe limeandikwa kwenye karatasi ya kifuani, herufi kubwa kama sufuria.

"Wewe ulimwambia asisimame," dereva akasema. "Na hajasimama. Amekimbia mbele bila kusukumwa na mtu, mwendo ni wake. Huyo anaweza kushinda."

Wanga angeweza kusema neno kuhusu kiuno. Hakusema. Lakini shingo yake ilisema.

Mwenye kuvunjika zaidi alikuwa Kibanio. Alikaa chini kwenye lami yenye maji, akashika kichwa. "Mshono nimeusema mimi. Hii ni mara ya pili namharibia yule mtoto. Kwanza viatu, sasa hivi. Mimi nina mkosi naye. Shangazi, nikifika nyumbani naacha kazi."

Shangazi alimtazama mtu yule aliyebeba kosa lake miaka miwili, akalipenda kama lake, akaliombea msamaha kila mwisho wa mwezi.

Akamuuliza dereva ni wapi wanaweza kuwawahi tena.

Dereva akasema kilomita ya arobaini, kwa kukata katikati ya bustani, ila ni mbali kwa miguu na wenyewe, kwa heshima zote, si vijana. Shangazi alikuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi.

Ndugu msomaji, hebu iangalie picha hii. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, anakimbia peku juu ya nyasi za bustani, nyuma yake dereva wa basi amefunga mwavuli na kuushika kama mkuki, nyuma yake Kibanio amejitanda shuka la hoteli, anaomba radhi kwa kila anayempita. Wanga alitembea. Walipofika, alikuwa sekunde ishirini tu nyuma yao, na hakuna aliyejua alipita wapi.

Shangazi alipanga mambo kichwani huku anahema. Akimwita mwanangu, binti atadhani anaitwa yule mwingine. Akisema pole, pole haikimbizi mtu. Ana nafasi ya mtu kupita mbele yake tu, hatua kumi, labda kumi na mbili. Neno ni moja lililobaki ambalo binti hawezi kukosea ni la nani.

Wakatokea kwenye kona. Mwekakasi mbele, kofia imeshatupwa, kichwa kinayumba. Hatua ishirini nyuma yake, mpwa. Peke yake, wengine wameshabaki.

Shangazi akamwacha wa kwanza apite. Mwekakasi alimtafuta kwa macho, akampata, akatabasamu tena, na tabasamu lile lilimchoma Shangazi kama pasi.

Halafu akaegemea juu ya vyuma, nusu ya mwili wake ikiwa barabarani.

"Viatu nilivichemsha mimi. Si Kibanio. Makusudi. Sikutaka uondoke."

Hakuna hata mtu mmoja barabarani pale aliyeelewa, isipokuwa watu watano. Wanga aliacha kutafuna. Dereva aliona ni mambo ya familia, akaangalia mawingu. Kibanio alibaki ameinua mguu mmoja, hajajua auweke wapi.

Na mpwa akakosea hatua. Mguu wake ulijikwaa hewani, mabega yakayumba, na kwa muda wa pumzi moja ilionekana atakwenda chini. Hakwenda. Aliinua kidevu, akafunga mdomo, akaondoka pale kwa namna ambayo watu wa pembeni waliacha kupiga makofi, wakabaki wanatazama.

Walikata mtaa mara ya mwisho, lakini mwisho wa mbio hawakuuona kwa macho yao. Waliuona kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa uwanjani, wakiwa bado nje ya geti. Hatua ishirini zikawa kumi. Kumi zikawa tatu. Mwekakasi akageuka, akaona, akakaza meno. Wakaingia pamoja kama watu wanaogombania mlango wa duka, na utepe ukakatwa na kifua cha chungwa chenye mshono wa upogo.

Mpwa alikuwa wa pili. Kidole kimoja na nusu.

Shangazi hakuuliza muda. Alisimama kwenye uzio ambako wakimbiaji wanatokea, viatu bado vipo mkononi, akingoja kile atakachopewa.

Wa kwanza kutokea alikuwa mwekakasi, amejifunika blanketi la kung'aa, medali shingoni. Alimwendea Shangazi moja kwa moja, akamkumbatia juu ya uzio, jasho na mvua na machozi vikachanganyika. Alimwambia kwa Kiswahili, maana naye ni mtu wa kwao, kwamba amekimbia mbele za watu miaka sita na hajawahi kusikia mtu akimshangilia, kwa sababu hakuna anayeshangilia mwekakasi. Leo amemwona mama wa watu, ameandika kwenye shuka kabisa, kamwita mwanangu.

"Mkataba wangu ulisema nisimame," akasema. "Wewe ukasema nisisimame. Nikaona mtu aliyetoka mbali namna hii hawezi kuwa amekosea."

Shangazi alimpapasa mgongo. Alifungua mdomo aseme ukweli, mara ya pili siku hiyo, akaona ukweli mmoja kwa siku unamtosha mtu. "Hongera, mwanangu," akasema. Na alimaanisha.

Alipoinua macho, mpwa alikuwa amesimama nyuma ya mwenzake, mikono kiunoni, kiuno chenyewe kile ambacho Wanga anakijua.

Miaka miwili. Shangazi alihesabu matone ya maji yanayodondoka kwenye kofia ya binti. Yalifika saba.

"Shikamoo," binti akasema. Hasira haikumsahaulisha adabu.

Shangazi alitafuta sauti yake, ile ya kuita hadi barabarani, akaikuta imebaki kidogo sana. "Marahaba."

"Umepanda ndege kuja kumshangilia mtu mwingine."

"Tulifuata mshono, mama. Kibanio aliuona kwenye televisheni, wa begani..."

"Ule mshono ulikuwa unanikwaruza. Asubuhi tumebadilishana fulana na mwenzangu, yeye hana neno. Nani alinifundisha kwamba nguo ikiwa na mshono mbaya usiivae, itakutoa ngozi? Nani?"

Shangazi alikubali kwamba ni yeye.

"Na viatu?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Viatu nilijua siku ileile. Dobi wa miaka thelathini hakosei joto la maji. Nilikuwa nangoja useme. Nimengoja wiki, nimengoja mwezi, nimengoja mwaka. Sasa unakuja kusema kilomita ya arobaini, mbele ya watu, mimi sina hata pumzi ya kukujibu."

"Ndiyo ukakimbia vile."

"Nilitaka nimalize haraka nije nikugombeze."

Mwekakasi, ambaye alikuwa anasikiliza kwa makini na alikuwa ameanza kuelewa, aliutoa mkono wake taratibu kwenye bega la Shangazi. Aliangalia shuka. Aliangalia bega la fulana yake. Akacheka hadi akashika uzio. Medali hakuivua.

Kibanio akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akasema hataki kuingilia mazungumzo ya ndugu, ila angependa tu kuelewa jambo moja, kama ni kweli ameomba msamaha miaka miwili kwa kosa la mkuu wake wa kazi, na kama wote hawa wawili walikuwa wanajua, mmoja kwa kutenda na mwingine kwa akili zake, isipokuwa yeye.

Shangazi na mpwa walitazamana. Wakamgeukia pamoja.

"Ndiyo," wakasema.

Hadithi yetu imefika ukingoni, na wasomaji wanapenda kujua nani aliishia wapi. Ni hivi.

Wenye mashindano walikaa kikao cha siku mbili juu ya mwekakasi. Wakakuta hakuna kanuni inayomkataza mtu kuendelea kukimbia, wakamwachia ushindi. Hakuajiriwa tena kuweka kasi. Alikimbia marathoni tatu baada ya hapo. Ya kwanza hakumaliza, ya pili alikuwa wa nane, ya tatu wa tano. Siku hizi anafundisha.

Dereva wa basi alipata mafua siku nne. Alirudi zamu ya Ijumaa.

Hoteli ilirudishiwa shuka likiwa limefuliwa mara tatu. Rangi haikutoka. Hoteli ikasema hilo si lao, na limebaki chumbani kwa madobi, linafunikia makoti.

Kibanio hakumsemesha Shangazi wiki tatu. Wiki ya nne alihitaji sabuni, akaomba. Hakuacha kazi. Anaangalia mshono, na siku hizi anaangalia na namba, na akimaliza anamwomba mwenye nguo asogee kwenye mwanga ili amwone uso. Wateja wawili wamehama.

Wanga amesimulia habari ya kiuno kwa kila mtu anayekuja kuchukua shati.

Mpwa bado anakimbia. Muda ule wa siku ile hajaupita. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mbio zilezile akawa wa pili tena, na Shangazi hakwenda, alikatazwa.

Shangazi yupo kwenye mashine zake. Jumapili mchana simu inalia, au anapiga yeye. Wanagombana kama nusu saa, kuhusu chakula, kuhusu kulala, kuhusu goti la binti, kuhusu kwa nini dirisha la chumba kile halijatengenezwa. Halafu mmoja anakata. Jumapili inayofuata anapiga yule aliyekatiwa.